Maswali ya Gereji: Upepo au betri?

Barua za mwezi huu zimetoka Maweni, Gongoni, Gede na Mokowe, na zote nne, kila moja kwa njia yake, zinauliza habari ya impakti, ile mashine ya kugonga na kuzungusha nati ambayo imeanza kuingia hata katika gereji za chini ya mwembe. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jibu lake linamgusa kila mwenye kompresa ndogo, na huku pwani hao ndio wengi.

*

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Nina gereji ndogo Maweni, hapa Malindi, na kazi yangu kubwa ni Probox, Hiace na tuktuk. Mwaka jana nilinunua impakti ya upepo ya nusu inchi (ndio upana wa kile kichwa cha mraba kinachoshika soketi), ambayo sanduku lake limeandikwa nyutoni-mita 800, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Kompresa yangu ni ya nguvu za farasi 2 yenye tanki la lita 50, na mpira wa upepo una urefu wa mita 15. Gurudumu la kwanza hufunguka vizuri, la pili kwa kusitasita, na la tatu hunilazimu kurudi kwenye wili spana na kuikanyaga kwa mguu. Muuzaji mmoja ananishauri niviuze vyote ninunue impakti ya betri ya "volti 98", ambayo anasema haijali umeme ukikatika. Je, nimsikilize?
Fundi, Maweni

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu fundi. Umenipa vipimo vyote nilivyovihitaji, na wengi huvisahau. Kabla ya kumjibu muuzaji wako, tuitetee kwanza impakti yako, kwa maana inashutumiwa kwa kosa lisilo lake. Haina udhaifu, ina njaa.

Ndani ya impakti kuna nyundo na fuawe. Mota huizungusha nyundo, nyundo huipiga fuawe, na fuawe ndiyo iliyoshika soketi. Kila pigo ni fupi mno, na nguvu yake huishia kwenye nati badala ya kurudi kwenye kifundo cha mkono wako, ndiyo sababu mashine inayotoa mamia ya nyutoni-mita inaweza kushikwa kwa mkono mmoja bila kukuvunja. Lakini ukali wa pigo unategemea kasi ya mota, na kasi ya mota ya upepo inategemea presha inayofika kwenye mashine yenyewe wakati umebonyeza kitufe. Hapo ndipo gereji yako inapopoteza.

Sasa tupige hesabu. Impakti za nusu inchi karibu zote zimeundwa kufanya kazi kwa presha ya paundi 90 kwa inchi ya mraba, yaani baa 6 na kidogo. Tanki lako la lita 50 likijaa hadi baa 8, upepo wenye faida kwako ni ule ulio kati ya baa 8 na baa 6 tu, kwa sababu chini ya hapo mashine huanza kulegea. Kila baa moja inayoshuka katika tanki hilo hutoa lita 50 za hewa ya kawaida, yaani isiyoshindiliwa, kwa hiyo akiba yako yote ni lita 100. Impakti ya nusu inchi inapogonga mfululizo humeza lita 500 hadi 600 kwa dakika. Sanduku lako huenda limeandikwa lita 120 hivi, lakini hiyo ni hesabu ya mtu anayebonyeza na kuachilia, anayefungua nati laini na kutembea kwenda kwenye inayofuata. Si hesabu ya nati yenye kutu inayogongwa bila kupumzika. Kompresa nyingi za ukubwa wa yako haziwaki tena mpaka presha ishuke karibu na baa 6, na maana yake ni kwamba lita zako 100 zinakwisha kwa sekunde 11 hivi kabla mota haijaamka. Ikiamka, ya farasi 2 hurudisha kama lita 180 kwa dakika, wakati impakti inadai mara tatu ya hizo. Kwa hiyo gurudumu la kwanza hufunguka kwa akiba, la pili kwa mabaki, na la tatu kwa mguu wako.

Na huo mguu wenyewe unatuambia jambo. Mtu wa kilo 70 akisimama mwishoni mwa wili spana ya sentimita 40 anaweka karibu nyutoni-mita 275 kwenye nati. Mashine iliyoandikwa 800 imeshindwa na nati iliyokubali kwa 275. Hakuna haja ya kununua mashine ya 1,000 ikiwa ile ya 800 haipewi chakula cha kutosha hata kutoa theluthi yake.

Hukuniambia upana wa mpira wako, nami nakisia kwamba ni ule mwembamba uliokuja na kompresa, wenye tundu la robo inchi, yaani milimita 6. Impakti ya nusu inchi inataka tundu la milimita 10. Tofauti ya milimita 4 yaonekana ndogo, lakini katika upepo unaokimbia ndani ya bomba, upotevu wa presha hupanda kwa kasi ya kutisha tundu linapobanwa: kwa kiasi kilekile cha hewa na urefu uleule, mpira wa milimita 6 hupoteza presha zaidi ya mara kumi kuliko wa milimita 10. Geji iliyo kwenye tanki haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu inasoma presha ya mahali ambapo upepo bado haujaanza safari. Azima geji ndogo, iunge kwenye ncha ya mpira karibu na impakti, bonyeza kitufe mashine ikiwa inazunguka, kisha soma. Ukiona paundi 90 zimekuwa 60, mchawi umempata. Viungio vya haraka, vile vya kuchomeka na kuchomoa, navyo huwa vyembamba ndani. Ukinunua mpira mpana ukauachia viungio vya zamani, umejenga barabara pana yenye daraja la mtu mmoja.

Jambo lingine nililoliona katika gereji nyingi za Malindi ni kompresa kusogezwa karibu na gari kwa waya mrefu mwembamba wa umeme. Fanya kinyume chake. Iache kompresa karibu na soketi ya ukutani, urefushe mpira wa upepo, ambao ukiwa mpana hautakudhulumu sana. Waya mwembamba hushusha volti, na mota inayowaka kwa volti pungufu huchemka mpaka iungue.

Kuhusu maji na mafuta nitasema machache, ingawa yanastahili mengi. Hewa yetu ni nzito. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban gramu 24 za maji, na hewa hiyo ikishindiliwa hadi baa 8 kisha ikapoa ndani ya tanki, karibu gramu 20 hudondoka. Kompresa yako ikifanya kazi saa nzima inakusanya kama glasi moja ya maji. Usipoyamwaga kila jioni kwa ule mfereji wa chini ya tanki, yanakula tanki kutoka ndani, na mengine yanasafiri hadi kwenye impakti yako kuitia kutu kwenye visu vya mota, vile vibapa vinavyosukumwa na upepo. Weka chujio la maji kabla ya mpira, na kila asubuhi tia matone machache ya mafuta ya mashine za upepo kwenye mdomo wa impakti. Mafuta ya injini ni mazito mno kwa kazi hiyo.

Turudi kwa muuzaji. Katika jambo moja amesema kweli: impakti ya betri haingoji umeme, haina mpira wa kukanyaga, na unaweza kuipeleka kwa mteja aliyekwama Ganda au Kakuyuni bila kubeba kompresa. Tena, kwa umeme, yenyewe ni bahili. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90, kwa hiyo hata ukihesabu joto linalopotea kwenye chaja, yuniti moja ya tokeni, yaani wati-saa 1,000, huijaza mara tisa hivi. Kompresa ya farasi 2 humaliza yuniti hiyo hiyo kwa nusu saa tu ya kunguruma. Kushindilia hewa ni njia ya gharama ya kubeba nguvu, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto. Ndiyo maana kichwa cha kompresa yako hakishikiki.

Lakini hizo "volti 98" ni maneno ya sandukuni. Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika katika mashine hizi ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli tano zikifuatana hutoa volti 18 za kawaida na 21 zikijaa, na ndiyo sababu utaona betri za namna moja zikiuzwa kwa majina ya volti 18, 20 na 21. Ili upate volti 98 za kweli ungehitaji seli 27 zifuatane, na kasha la betri linaloingia kwenye mpini wa mashine hiyo huwa na nafasi ya seli tano au kumi. Ukitaka kumwaibisha muuzaji kwa adabu, mwombe akuonyeshe chaja, usome mstari wa umeme unaotoka. Utakuta 21.

Nambari za nguvu nazo zina ujanja wake, hata kwa makampuni makubwa. Impakti moja ya nusu inchi ya Milwaukee ya volti 18, ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu sana katika ukubwa wake, imetangazwa kuwa na nyutoni-mita 1,356 za kufunga na 1,898 za kufungua. Ni mashine moja yenye nambari mbili, kwa maana nguvu ya kufungua hupimwa kwa kuilegeza nati iliyokwisha kukazwa, na hiyo huwa kubwa zaidi. Mfanyabiashara atakayekutajia nambari moja tu hatakutajia ile ndogo.

Basi ningekuwa mimi katika gereji yako, ningefanya hivi. Kwanza ningebadilisha mpira na viungio, gharama ambayo ni ndogo kuliko zote, nione impakti niliyonayo inasemaje. Kompresa nisingeiuza kabisa. Betri haitakujazia tairi, haitapuliza chujio la hewa, haitasafisha kabureta ya tuktuk wala kupaka rangi mlango. Kisha, fedha zikipatikana, ningenunua impakti ya betri ya nusu inchi yenye mota isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyosugua ndani ya mota), ya kampuni ambayo betri zake zinauzwa peke yake Malindi au angalau Mombasa, iwe ya bei ya juu kama Makita na DeWalt au ya bei ya kati kama Ingco na Total. Unaponunua mashine ya betri umeoa ukoo mzima: chaja, betri na mashine zote zijazo zitatoka nyumba hiyo. Betri nunua mbili, tena za safu mbili za seli, kwa sababu betri ndogo ya safu moja haiwezi kusukuma umeme wa kutosha nati inapokataa, hata kama imejaa.

Na ujue utakachopoteza. Impakti ya upepo ikichoka unaifungua, unabadilisha visu na oringi, na inarudi kazini. Ninazijua zilizofanya kazi miaka zaidi ya umri wa wanagenzi wanaozishika. Ya betri ikiungua ubao wake wa umeme, mara nyingi umeizika. Pia ya betri huwa nzito zaidi, kilo 3 na zaidi pamoja na betri yake, wakati ya upepo yenye kasha jepesi ni kilo 2 hivi, na tofauti hiyo utaihisi ukiwa umelala chini ya gari mikono ikiwa juu.

*

SWALI: Nina malori mawili ya kubeba chumvi kutoka Gongoni. Fundi wangu alinunua impakti ya upepo ya inchi moja, na siku ya kwanza amekata studi tatu (zile bolti zinazoshika nati) za gurudumu la nyuma, zote upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na shida. Anasema mashine ina nguvu kupita kiasi. Malori ni ya Kijapani, ya zamani. Nifanye nini?
Mwenye malori, Gongoni

JIBU: Bwana, mwulize fundi wako, kwa upole, alizungusha upande gani. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto zenye nyuzi za kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Futa kichwa cha studi kwa brashi ya waya. Ukiona herufi L, ni ya kinyume, na ukiona R, ni ya kawaida. Wili spana ya mkono humwonya fundi, kwa sababu atasikia nati inazidi kukaza na atasita. Impakti ya inchi moja haimwonyi mtu. Ndani ya sekunde chache inakuwa imeivuta studi mpaka ikakatika, na fundi anadhani ni kutu.

Kutu nayo ipo, sikatai, na lori la chumvi ni kisa cha peke yake. Mafundi wa majahazi wa Lamu walimjua adui huyu kabla yetu, wakapaka mbao zao sifa, yale mafuta ya ini la papa; sisi huku tunamwagia magurudumu maji ya chumvi kila siku kisha tunashangaa. Siku moja kabla ya kufungua, piga nyuzi zilizojitokeza kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kupenya, na uyape usiku mzima. Kabla ya kufungua, sukuma nati kidogo kuelekea upande wa kukaza, kidogo sana, uvunje ganda la kutu, kisha ndipo urudi upande wa kufungua. Ukitumia impakti, igongeshe kwa vipindi vifupi, sekunde tatu nne, upumzike. Kugonga mfululizo nusu dakika huchemsha nati na kuzikwangua nyuzi.

Kwa kazi ya malori, upepo bado ndio mwenyewe. Impakti za betri za inchi moja zipo, nazo zina nguvu za kweli, lakini ni nzito na bei yake itakufanya ukae chini. Ya upepo itakudai kompresa ya farasi 5 au zaidi, tanki la lita 200 au zaidi, na mpira wenye tundu la milimita 13 au zaidi. Ukiiunga kwenye kompresa ya panchari, utapata malalamiko yaleyale ya ndugu yetu wa Maweni, kwa sauti kubwa zaidi. Kwa dereva aliye njiani, mimi huridhika zaidi na kile kisanduku cha gia cha kuzungusha kwa mkono, ambacho huegemezwa kwenye nati ya jirani. Zungusha mkono mara nyingi, nati isogee kidogo, bila umeme, bila upepo, bila kelele.

Studi zilizo jirani na zile zilizokatika zibadilishe pia, maana zimekwisha kubeba mzigo wa wenzao. Kuhusu kutia mafuta kwenye nyuzi wakati wa kufunga, fuata kitabu cha lori lako, kwa sababu baadhi ya vitabu vinataka tone la mafuta na vingine vinataka pakavu. Nyuzi zenye mafuta huteleza, na kipimo kilekile cha kukaza huivuta studi zaidi.

*

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa magari, naishi Gede, na kwa sasa niko katika mafunzo ya kazini kwenye gereji moja Watamu. Wanatumia impakti ya betri na soketi zile za kung'aa, nami nilifundishwa darasani kwamba ni hatari. Nikisema, wananicheka. Pia wanafunga nati za magurudumu kwa impakti mpaka inyamaze yenyewe, na kazi imekwisha. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi, Gede

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wewe.

Soketi ya kung'aa imetengenezwa kwa chuma chenye kromu na vanadiamu, kigumu, chembamba, kizuri kwa mkono. Ugumu huo ndio unaoiua chini ya nyundo: haipindi, hupasuka, na vipande vyake huruka. Soketi nyeusi ya impakti hutengenezwa kwa kromu na molibdenamu, ina kuta nene, na hunyumbuka kidogo kwa pigo bila kupasuka. Haijalishi kama impakti ni ya upepo au ya betri, kwa maana nyundo na fuawe ni zilezile. Ukiwa huna mamlaka ya kuwabadilishia soketi, una mamlaka ya kuvaa miwani ya kazi, nayo uivae kila siku. Vaa na vizibo vya masikio pia, kwa sababu kelele ya desibeli 85 siku nzima inatosha kuharibu masikio, na impakti inayogonga huipita kwa mbali. Vidole vikianza kufa ganzi na kuwa vyeupe baada ya kazi, usivumilie kimya kimya, maana mtetemo wa mashine hizi hudhuru mishipa polepole na haurudishi ulichopoteza.

Kuhusu kufunga, nitakusimulia langu. Nikiwa kijana katika gereji moja ya Mombasa, nilifunga magurudumu ya saluni ya mteja kwa impakti ya upepo, kwa furaha ya mtu aliyepewa mashine mpya. Baada ya wiki mbili alirudi akilalamika kwamba usukani unatetemeka kila akikanyaga breki. Diski za mbele zilikuwa zimepinda, kwa sababu nati moja nilikuwa nimeikaza mara mbili ya jirani yake. Diski mpya zilikatwa kwenye mshahara wangu.

Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103 kwa nati ya gurudumu. Hizo si nyingi: ukiegemeza uzito wa kilo 20 mwishoni mwa mpini wa nusu mita, unapata karibu 100. Impakti unaweza kuitumia kuipeleka nati mpaka iguse, kwa mpangilio wa nyota (kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, si ya jirani), mashine ikiwa kwenye kiwango chake cha chini kabisa, na hapo ndipo ya betri inaishinda ya upepo, maana nyingi zina vitufe vya kupunguza nguvu. Ukazaji wa mwisho ni kazi ya toki renchi, ile spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, gari likiwa limeteremshwa chini. Kisha mwambie mteja azikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Anayetoka Watamu kwenda Mombasa anaweza kusimama Mtwapa.

Mashine kunyamaza yenyewe hakuna maana yoyote ya kipimo, hasa kwa ya betri: huenda imenyamaza kwa sababu betri imechoka.

*

SWALI: Mimi ni dereva wa Land Cruiser, nabeba abiria na mizigo kati ya Mokowe na Malindi. Nataka impakti ya kukaa ndani ya gari kwa ajili ya panchari. Abiria mmoja ameniambia betri za lithiamu hulipuka kwa joto, nimeingia hofu. Ninunue ya upepo na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari?
Dereva, Mokowe

JIBU: Ndugu dereva, kompresa ndogo ya volti 12 nunua, lakini kwa kujaza tairi tu. Haiwezi kuendesha impakti hata kwa nati moja. Kwako wewe ya betri haina mpinzani.

Hofu ya abiria wako ina msingi kidogo. Betri nzuri ina ulinzi wa joto ndani yake, ila joto huizeesha hata kama haitailipua, na gari lililofungwa juani Mokowe wakati wa kaskazi ni tanuri. Usiiweke kwenye dashibodi wala kwenye sanduku la zana lililo nyuma chini ya jua. Iweke chini ya kiti, ndani ya mfuko wa kitambaa kinene, ikiwa na chaji ya nusu au zaidi kidogo, na mwisho wa kila mwezi uiangalie. Ikitoka kwenye kazi nzito ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuichaji, na usiichaji kamwe ikiwa imevimba au imeingia maji ya bahari. Midomo yake ya shaba ifute kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya gatini itaifikia tu. Unapofanya kazi karibu na tanki la petroli lililotobolewa, acha mashine ya umeme kabisa, tumia spana.

Beba pia soketi nyeusi ya kipimo cha nati zako na toki renchi ndogo, pamoja na wili spana ya kawaida, kwa ile siku ambayo betri utakuwa umeisahau nyumbani kwenye chaja. Na kipande cha ubao mpana wa kuwekea jeki, kwa sababu katika mchanga wa pembeni mwa barabara ya Witu jeki itazama kabla gurudumu halijainuka, na hapo hakuna impakti itakayokusaidia.